Kibaba Kimoja: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Amani ya Washington, Askari Mitaani na Siasa za Vyama

SWALI: Ndugu mwandishi, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu hapa Tanga, nimefundisha Historia kwa miaka mingi. Katika Kiswahili chetu mhafidhina ni mtu anayeshikilia ya kale na kuogopa mabadiliko. Sasa nawasikia wachambuzi wa Marekani wanaojiita wahafidhina wakishangilia kuvunjwa kwa idara za serikali, wakimsifu rais wao kwa kuleta amani duniani, na papo hapo wakisema nchi yao isijiingize katika mambo ya wengine. Je, hawa wanahifadhi nini hasa?
*Mwalimu mstaafu, Tanga*

JIBU: Shikamoo mwalimu. Swali lako limenichekesha kidogo, kwa kuwa wasomaji wengi wa safu hii wananihesabu mimi mwenyewe kuwa mhafidhina, nami sikatai, ingawa sijawahi kuvunja hata ua wa jirani.

Kuhusu idara, jibu lao ni jepesi: wanadai kwamba zinazovunjwa ni za juzi tu, na kwamba zilichukua kazi za majimbo. Wizara ya Elimu ya Marekani, kwa mfano, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1979, wakati shule za majimbo zilikuwapo tangu zamani. Unaweza kuikubali hoja hiyo au kuikataa, lakini haipingani na jina lao.

Suala la amani ndilo zito zaidi, kwa sababu uhafidhina wa Kimarekani una mikondo miwili ambayo haijawahi kuungana vizuri. Mkondo wa kwanza ni wa Robert Taft, seneta wa Ohio, ambaye mwaka 1949 alipiga kura ya kuukataa mkataba wa NATO, muungano wa kijeshi wa Marekani na Ulaya Magharibi, kwa hofu kwamba ungeifunga nchi yake katika kuipa Ulaya silaha na kuipigania kwa muda usiojulikana mwisho wake. Mkondo wa pili ni wa wale walioamini kwamba Muungano wa Sovieti ungerudi nyuma pale tu ambapo ungekuta ukuta. Ronald Reagan, rais wa miaka ya 1980, alitoka katika mkondo huo wa pili, na msemo wake ulikuwa amani kwa njia ya nguvu. Mwaka 1983 aliiita Sovieti dola la uovu. Tarehe 8 Desemba 1987 akaketi na kiongozi wa Sovieti, Mikhail Gorbachev, mjini Washington na kusaini mkataba wa kuteketeza makombora ya masafa ya kati ya nchi kavu.

Vijana wanaomtaja Reagan leo kama mtume wao wamesahau kwamba siku zile walikuwapo wahafidhina waliomwambia waziwazi kuwa amelaghaiwa. Seneti, hata hivyo, iliupitisha mkataba huo Mei 1988 kwa kura 93 dhidi ya 5, na kufikia mwaka 1991 makombora karibu 2,700 ya pande zote mbili yalikuwa yameharibiwa. Kilichoufanya ufanye kazi hakikuwa tabasamu la viongozi wawili mbele ya kamera. Wakaguzi wa Kisovieti waliruhusiwa kuingia katika kambi za Marekani, na wa Marekani wakaingia katika kambi za Sovieti, wakihesabu kwa macho yao. Reagan alipenda mno kurudia methali ya Kirusi isemayo amini, lakini hakikisha, kiasi kwamba siku ya kusaini Gorbachev alimtania kuwa huirudia katika kila mkutano.

Kwa hiyo, mwalimu, ukiniuliza wanahifadhi nini wanapokuwa katika ubora wao, nitasema ni shaka. Ni ile shaka ya mtu anayejua kwamba binadamu huvunja ahadi, na kwamba karatasi bila mwenye kuhesabu ni karatasi tu. Hicho ndicho kibaba chao cha kupimia mambo, nami nakiona ni kibaba kizuri. Barua zinazofuata zinaonyesha kinavyotumika pale muuzaji anapokuwa ndugu yao.

SWALI: Mimi ni mkimbizi kutoka Uvira, kwa sasa nimehifadhiwa na jamaa zangu Kigoma. Mwezi wa Desemba 2025 tuliwatazama kwenye simu rais wetu na rais wa Rwanda wakisaini kule Washington, na kabla wiki haijaisha tulikuwa tumebeba magodoro kichwani. Halafu nasoma wachambuzi wa Marekani wakiandika kwamba vita vyetu vimekwisha. Vita vilivyokwisha ni vipi?
*Baba wa watoto wanne, Kigoma*

JIBU: Pole sana ndugu yangu, wewe na wanao. Sitajaribu kukushawishi kwamba ulichokimbia hakikuwapo.

Tuyapange mambo kwa tarehe, maana tarehe zina ushahidi kuliko hotuba. Kundi la waasi la M23 liliingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata. Tarehe 27 Juni mawaziri wa mambo ya nje, Thérèse Kayikwamba Wagner wa Kongo na Olivier Nduhungirehe wa Rwanda, walisaini mapatano mjini Washington mbele ya mwenzao wa Marekani, Marco Rubio. Tarehe 19 Julai, mjini Doha, serikali ya Kinshasa na M23 zikasaini azimio la kanuni chini ya usimamizi wa Qatar. Tarehe 4 Desemba Tshisekedi na Kagame wakayatilia nguvu mapatano ya Washington mbele ya Donald Trump. Tarehe 10 Desemba M23 ikaingia Uvira. Baada ya shinikizo la Marekani kundi hilo lilitangaza kwamba lingeondoka mjini, lakini wewe ulikuwa tayari umevuka ziwa.

Utaona kwamba waliosaini Washington ni dola mbili, na moja kati yake imekanusha siku zote kwamba inaliunga mkono kundi linaloteka miji, licha ya yale ambayo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameyaandika mara nyingi. Kundi lenyewe halikuwa mtia saini pale. Mchambuzi anapoandika kwamba vita vya Kongo na Rwanda vimekwisha, anahesabu saini za dola, si milio ya bunduki, na katika hesabu hiyo ya saini pengine anasema kweli.

Haki inanidai niitaje pia hoja yao yenye uzito. Wanauliza njia nyingine ilifika wapi. Kikosi cha Umoja wa Mataifa kimekuwako Kongo tangu mwaka 1999, kikabadilishwa jina mwaka 2010 na kuitwa MONUSCO, na Goma imetekwa mara mbili kikiwapo, mwaka 2012 na mwaka 2025. Yalikuwapo mapatano ya Lusaka ya mwaka 1999, ya Sun City, na ya Addis Ababa ya mwaka 2013. M23 wenyewe walijipa jina la mapatano, yale ya tarehe 23 Machi 2009, wakidai kwamba serikali haikuyatimiza. Sijui kundi jingine la silaha lililoitwa kwa jina la tarehe ya amani, na kichekesho hicho hakimchekeshi mtu wa Kivu. Wahafidhina wanasema kwamba mahali ambapo maazimio yameshindwa, maslahi huenda yakaweza: kampuni za Marekani zikiwa na fedha zao katika madini ya Kongo, Washington itakuwa na sababu ya kukasirika mtu akivuruga. Mwenye duka hulala kwa jicho moja. Mimi siidharau hoja hiyo, maana nimeona huruma ya mataifa ikichoka upesi kuliko tamaa yao.

Ninachowalaumu nacho ni kibaba. Mwaka 2015 Barack Obama na mataifa mengine walipofikia makubaliano na Iran kuhusu nyuklia, wachambuzi hawa hawa waliyachambua sharti kwa sharti. Walilalamika kwamba eneo lenye mgogoro lingeweza kuchukua hadi siku 24 kabla wakaguzi hawajaingia, na kwamba katika siku hizo mtu anaweza kuficha mengi. Lilikuwa swali halali. Sasa mapatano ya Washington yanaitaka Kongo ilimalize kundi la FDLR, waasi wa Kihutu wanaoipinga serikali ya Rwanda, yanaitaka Rwanda iondoe kile inachokiita hatua za kujihami, yanaweka kipindi cha siku 90, na yanaunda chombo cha pamoja cha usalama. Siku 90 zilipita. Nani alihesabu askari waliovuka mpaka kurudi kwao? Alihesabu kwa ruhusa ya nani, na taarifa yake ilichapishwa wapi? Maswali yaliyoulizwa kwa ukali kuhusu Natanz, kituo cha nyuklia cha Iran, yangefaa kuulizwa kuhusu Rutshuru kule Kivu Kaskazini, lakini safari hii mfanya mapatano ni wa chama chao cha Republican, na kalamu zimekuwa laini.

Ukiuliza nifanye nini, ndugu yangu, ushauri wangu ni mdogo: usirudi Uvira kwa sababu ya habari ya gazeti, la kule wala la kwetu. Warudi kwanza jirani zako unaowaamini, wakupigie simu.

SWALI: Mzee wangu, mimi ni mzaliwa wa Lamu, naendesha teksi Washington kwa mwaka wa kumi na tisa sasa. Kioo cha gari langu kimevunjwa mara mbili, na mwenzangu alinyang'anywa gari mchana kweupe na watoto wa umri wa kwenda shule. Rais alipoleta askari mwezi wa Agosti 2025, abiria wangu wahafidhina walisema mji umeokolewa. Wengine wakasema ni udikteta. Mimi nilifurahi kidogo, kisha nikaona haya kwa kufurahi. Je, nilikosea?
*Dereva, Maryland*

JIBU: Hukukosea, kijana wangu. Kutamani kuegesha gari na kulikuta likiwa zima hakumfanyi mtu kuwa adui wa uhuru.

Kwanza takwimu, kwa sababu pande zote mbili zilizikata vipande. Mwaka 2023 waliuawa watu 274 katika mji huo wenye wakazi wapatao 700,000. Mwaka 2024 idadi ilishuka hadi 187, na uhalifu wa kutumia nguvu kwa jumla ukafikia kiwango cha chini kabisa katika miaka zaidi ya thelathini. Waliompinga rais walishika neno kushuka wakaling'ang'ania. Lakini mji wa watu 700,000 unaozika 187 kwa mwaka si mji wa kujisifu, na waliozikwa hawakuwa wakikaa Georgetown, mtaa wa matajiri. Wengi walikuwa watu weusi wa upande wa mashariki ya mto Anacostia. Hapo wahafidhina wana haki kamili: utulivu ni mali ya maskini kabla ya kuwa mali ya tajiri, kwa sababu tajiri anaweza kununua ukuta na mlinzi.

Tarehe 11 Agosti 2025 Trump alitangaza dharura ya uhalifu, akatumia kifungu cha 740 cha sheria ya mwaka 1973 iliyoupa mji huo mamlaka ya kujitawala, kifungu kinachomruhusu rais kuitumia polisi ya mji kwa siku zisizozidi 30, na akaita Kikosi cha Ulinzi wa Taifa, ambacho kwa msaada wa majimbo yanayoongozwa na Warepublican kilipita askari 2,000. Kwa Washington, ambayo si jimbo, alikuwa na mlango wa kisheria. Wewe uliwaona askari hao kwa macho yako. Baadaye magazeti yaliandika kwamba wengi walikuwa wakiokota takataka na kutunza bustani, na kwamba waliokamata watu hasa ni polisi na maofisa wa serikali kuu.

Wachambuzi walioshangilia wana andiko wanalolitaja sana, makala ya mwaka 1982 ya James Q. Wilson na George Kelling kuhusu dirisha lililovunjika: kwamba dirisha moja lisipotengenezwa, yote yatavunjwa, kwa kuwa mtaa umetangaza kwamba hakuna anayejali. Nimeisoma makala hiyo zaidi ya mara moja, na ningependa wanaoitaja nao waisome. Inaanzia Newark, New Jersey, ambako polisi walishushwa kwenye magari wakatembea kwa miguu. Waandishi wanakiri, mapema kabisa, kwamba doria hizo hazikupunguza viwango vya uhalifu. Kilichobadilika ni kwamba wakazi walijiona salama zaidi na wakawa na imani kubwa zaidi na polisi wao. Makala nzima inajaribu kueleza kwa nini hisia hiyo ina thamani. Polisi anayesifiwa humo ni yule anayewajua walevi wa mtaa kwa majina na anayejua nani mgeni na nani mwenyeji. Askari aliyeletwa kutoka West Virginia kwa miezi michache, hata awe mwema namna gani, hawezi kuwa mtu huyo.

Watakutajia New York pia. Ni kweli kwamba mwaka 1990 waliuawa huko watu 2,245, na kufikia mwaka 2018 idadi ilikuwa chini ya 300. Ni ajabu kubwa, na meya Rudy Giuliani na mkuu wake wa polisi William Bratton wanastahili sehemu ya sifa. Lakini mteremko ulianza wakati wa David Dinkins, meya wa Chama cha Democratic, ambaye ndiye aliyepata fedha za kuajiri maelfu ya polisi wapya. Na Boston, ambayo haikuwa na Giuliani, ilishuka kutoka mauaji 152 mwaka 1990 hadi 31 mwaka 1999. Huko polisi, wachungaji wa makanisa ya watu weusi na wafanyakazi wa vijana waliwaita wanachama wa magenge, wakawaambia ana kwa ana: tunawajua, tutawasaidia mkiacha, na tutawashukia wote akifa mtu. Kama kuna mfano ulio wa kihafidhina kuliko huo, wa kanisa, mtaa na adhabu isiyokosea mlango, sijauona. Lakini hauna vifaru wala picha nzuri, kwa hiyo hutajwa mara chache.

Wasukuma walifahamu jambo hili walipoanzisha sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwamba mwizi wa ng'ombe hukamatwa na wanaomjua. Walifahamu pia, baada ya watu kadhaa kuumizwa bila hatia, kwamba jirani mwenye silaha naye anahitaji wa kumchunga. Lakini nisikutoe Washington.

Kinachomtisha mhalifu kuliko adhabu kali ni uhakika wa kukamatwa. Katika miaka ya karibuni, Marekani imekuwa ikipata mtuhumiwa katika nusu tu ya mauaji yake, au zaidi ya hapo kidogo. Polisi wa Washington wamepungua hadi karibu 3,200, idadi ndogo kuliko ilivyokuwa kwa miongo mingi. Wapelelezi, maabara, waendesha mashtaka na mahakama za watoto kwa wale waliomnyang'anya mwenzako gari, hayo ndiyo madirisha yaliyovunjika, na kuyatengeneza kunachukua miaka, si siku 30.

Tena mhafidhina anatakiwa kukumbuka kwamba ni upande wake uliokuwa ukitetea mamlaka ya majimbo dhidi ya serikali kuu, na kwamba sheria ya kuzuia jeshi kufanya kazi ya polisi ipo tangu mwaka 1878. Trump alipotaka kupeleka askari Chicago bila ridhaa ya gavana, Mahakama ya Juu, ambayo majaji sita kati ya tisa waliteuliwa na marais wa Republican, ilikataa mwezi Desemba 2025 kumfungulia njia hiyo. Jiulize tu: siku rais wa Democratic atakapotuma askari Texas kwa sababu anazoziona yeye kuwa dharura, wachambuzi hawa wataandika nini?

Kuna hila moja zaidi ya kuangalia. Anayewapinga Wademokrati huhesabu mauaji kwa meya, kwa kuwa miji mikubwa mingi ina mameya wa Democratic. Anayewapinga Warepublican huhesabu kwa gavana, kwa kuwa Memphis na New Orleans zimo katika majimbo yaliyo mikononi mwa Warepublican. Maiti ni ile ile, imeandikwa katika daftari mbili. Endelea kuendesha salama, na usione haya kwa furaha yako.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya siasa hapa Mombasa. Je, umewahi kuona wahafidhina wa Marekani wakikataa jambo la chama chao wenyewe? Au yote ni ushabiki kama wa mpira?
*Mwanafunzi, Mombasa*

JIBU: Nimeona, na si zamani. Unajua kwamba mwaka 2025 Trump aliwataka Warepublican wa majimbo wachore upya mipaka ya maeneo ya uchaguzi katikati ya muongo, wakati kwa desturi kazi hiyo hufanywa baada ya sensa ya kila miaka kumi, ili chama kiongeze viti kabla ya uchaguzi wa Novemba 2026. Texas ilitii, ikilenga viti vitano. California, ya Wademokrati, ikalipa kisasi kwa kura ya wananchi ya tarehe 4 Novemba, nayo ikilenga viti vitano. Mchezo wenyewe ni mkongwe: jina lake la Kiingereza, gerrymandering, limetokana na Elbridge Gerry, gavana wa Massachusetts, ambaye mwaka 1812 aliidhinisha ramani yenye eneo lililopindapinda kama mjusi. Pande zote zimeucheza, na kila upande huuona dhambi unapochezwa na mwingine. Mkuki kwa nguruwe.

Kisha ikaja zamu ya Indiana. Jimbo hilo ni la kihafidhina hasa. Katika Seneti yake yenye viti 50, Warepublican wana 40. Rais alishinikiza, makamu wake akaenda huko mwenyewe, na baadhi ya maseneta wakapokea vitisho majumbani mwao. Tarehe 11 Desemba 2025 walipiga kura, na ramani mpya ikaanguka kwa kura 31 dhidi ya 19. Waliokataa ni Wademokrati wote 10 na Warepublican 21, yaani zaidi ya nusu ya chama chenyewe. Baadhi yao walieleza kwamba wapiga kura wao hawakuwa wameomba jambo hilo, na wengine kwamba mipaka haichorwi kila mtu anapoogopa kushindwa. Hawakuwa wasaliti wala waliberali. Wengi wao wamepiga kura za kihafidhina maisha yao yote, juu ya utoaji mimba, kodi na silaha.

Sasa tazama wachambuzi waliwapokeaje. Wachache waliwasifu kwa kushika desturi. Waliopaza sauti zaidi waliwaita wasaliti, na rais akaapa kuwaunga mkono watakaowapinga katika kura za maoni za chama.